Kabla Fundi Hajafunika

Ukiulizia namna ya kumpata fundi mwaminifu wa pevingi, utaambiwa mambo matatu: waulize waliowahi kufanya naye kazi, usimpe hela yote mwanzoni, na uwe unapita saitini. Ushauri huu ni mzuri na sina nia ya kuupinga. Ninataka kuuliza swali ambalo unaliruka. Tunapotafuta fundi mwaminifu, tunatafuta nini hasa? Mtu mwenye tabia njema? Mtu anayeogopa kupelekwa polisi? Au mtu tuliyembana kwa masharti mengi kiasi kwamba hata akitaka kutupiga hana pa kupitia? Hawa ni watu watatu tofauti, na siku ya kukabidhi kazi wote watatu wanaweza kukuonyesha uwanja unaopendeza.

Nimechagua pevingi, au kabro kama wanavyoita ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi, kwa sababu ni kazi ya kufunika. Fundi rangi akikosea, ukuta unasema siku hiyohiyo. Fundi seremala akikosea, mlango unagoma kufunga. Lakini pevingi nzuri na pevingi mbaya, siku ya kwanza, ni ndugu mapacha. Zote zimenyooka, zote zina rangi nyekundu na kijivu, zote zinapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la familia. Tofauti yao iko chini, na chini kumeshafunikwa.

Huko chini kuna nini? Kwanza udongo laini wa juu, wenye mizizi na takataka, unaondolewa mpaka ifikiwe ardhi ngumu. Kisha inamwagwa moramu au kifusi kizuri, inalowanishwa kidogo, inashindiliwa kwa mashine, kwa uwanja wa kuingiza gari yapata sentimita 15 au zaidi kutegemea udongo. Kama tabaka ni nene, linashindiliwa kwa awamu, maana mashine ndogo haifiki mbali; ukimwaga sentimita 30 kwa mkupuo, juu pataitikia na chini patabaki palegevu. Pembeni yanawekwa mawe ya kingo yaliyoshikwa na zege, ili vitofali visianze kutembea. Ndipo inakuja mchanga wa kulalia, kama sentimita 3 tu, unasawazishwa kwa ubao ulionyooka, na vitofali vinapangwa. Mwisho mchanga laini unafagiliwa kwenye nyufa na mashine inapita tena juu. Mchanga ule wa kwenye nyufa si pambo. Ndio unaofanya kitofali kimoja kikikanyagwa kiwagawie jirani zake uzito. Bila huo, kila kitofali kinabeba mzigo peke yake.

Kitofali chenyewe nacho kina siri zake. Mfuko mmoja wa saruji umetoa vitofali vingapi? Vilimwagiliwa maji kwa siku ngapi kabla ya kuuzwa? Zege hupimwa nguvu zake likiwa na umri wa siku 28. Vitofali vilivyopakiwa kwenye lori baada ya siku nne vina sura ileile ya vile vilivyosubiri. Na unene: milimita 60 zinatosha kwa watu wa miguu na magari mepesi, lakini panapoingia magari mazito hutumika milimita 80. Kikishalala, unene wake hauonekani.

Mskoti John Loudon McAdam, aliyebadilisha ujenzi wa barabara Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, alisisitiza jambo ambalo mafundi wazuri wa Dar es Salaam wanalijua bila kusoma vitabu vyake: kinachobeba magari ni ardhi yenyewe, na ardhi hubeba vizuri ikibaki kavu. Tunachokanyaga juu ni paa tu. Kwa hiyo mkaguzi halisi wa pevingi ni masika. Machi hadi Mei, maji yakishapita na gari likaingia na kutoka mara mia, ndipo mistari miwili ya magurudumu inapoanza kujichora na madimbwi yanapopata makazi. Wakati huo namba ya fundi haipatikani.

Hapo ndipo swali la kale linapoingia uani kwetu. Katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, Plato anamfanya Glaucon asimulie habari ya mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza, haonekani. Kwa pete hiyo mchungaji alimtongoza malkia, akamuua mfalme na kutwaa nchi. Watu huiita pete ya Gyges. Glaucon anauliza: mtu mwema na mtu mwovu wakipewa pete kama hiyo, tutaona tofauti yoyote kati yao? Au wema wetu wote ni hofu ya kuonekana?

Fundi wa pevingi anayo pete hiyo, na yake ni tabaka la mchanga. Mwili wake unaonekana kutwa nzima, anatoka jasho mbele ya watu. Kinachotoweka ni kazi yake. Piga hesabu. Uwanja wa mita za mraba 100 ukiwekewa moramu ya sentimita 15 unahitaji mita za ujazo 15. Ukiwekewa sentimita 5, mita 5 zinatosha. Mita 10 za ujazo za moramu zimeyeyuka, na hela yake imeingia mfukoni mwa mtu, wala hakuna jicho litakaloziona tena. Hakulala njiani kumvizia mtu wala kuvunja mlango. Amefunika tu, na kufunika ndiyo kazi aliyoitiwa.

Tuna methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Moja inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyingine inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ya kwanza inatuliza: subiri, fundi mzuri atajulikana kwa kazi yake. Ya pili inatia shaka: uzuri unaouona si huo unaoutafuta. Mtu anayetafuta fundi kwa kuangalia picha kwenye simu anafuata ya kwanza. Nadhani anapaswa kufuata ya pili.

Sababu aliieleza mwanauchumi George Akerlof mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua kama gari ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya kati: si ya gari zima, si ya bovu. Kwa bei hiyo mwenye gari zima anaona anaibiwa, anaondoka sokoni. Wanabaki wenye mabovu wengi zaidi, wanunuzi nao wanashusha bei tena, na wenye magari mazima waliobaki wanaondoka. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya iliyompa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Tafsiri yake kwetu ni chungu. Pale ambapo ubora hauonekani, kizuri hakijiuzi. Kizuri hufukuzwa.

Chukua mafundi wawili wanaokuja kupima uwanja wako. Wa kwanza anachimba kidogo kwa ncha ya jembe, anatazama udongo, anauliza maji ya mvua huwa yanaelekea wapi na gari gani litaegeshwa hapo. Anakupa makadirio. Wa pili anapima kwa hatua za miguu, anakupa bei iliyo theluthi mbili ya ile ya kwanza, anasema wiki ijayo unaegesha. Wewe unampigia wa kwanza: "Fundi, kuna mwenzako kaniambia bei hii, utanifanyiaje?" Hili swali linaonekana la kawaida, la sokoni. Lakini lisikilize kwa sikio lake. Mafuta ya lori la moramu hayapungui kwa sababu umeomba. Kukodi mashine ya kushindilia hakupungui. Vijana wake wanataka hela yao jioni. Umemwambia, bila kutamka, achague kati ya kukosa kazi na kupunguza kitu. Na kitu pekee kinachoweza kupungua bila wewe kulalamika ni kile usichokiona.

Hapa ndipo ninapoanza kuona kwamba swali la uaminifu tumeliweka vibaya. Tunalizungumza kana kwamba uaminifu ni kitu ambacho fundi anacho au hana, kama kitambulisho, na kazi yetu ni kukikagua mlangoni. Lakini kama bei niliyoipigania haitoshi kazi halali, basi ninataka mtu mwingine awe mwema kwa gharama yake. Rahisi inavunja upishi, tunasema, tukimaanisha kwamba mnunuzi wa rahisi atajuta. Methali hiyo ina upande mwingine ambao hatuusemi: anayeshinikiza rahisi ameshiriki kuuvunja upishi huo.

Sisemi kwamba fundi anayeiba moramu ana haki. Aliyekubali bei amekubali kazi, na ahadi ni deni. Angeweza kusema hapana, au kusema wazi kwamba kwa hela hiyo atafanya njia ya miguu tu na gari lisipite. Uongo ni wake. Ila katika hesabu ya lawama, tusijitoe haraka kana kwamba sisi tulikuwa watazamaji.

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala aliyoitoa mwaka 1986, alitenganisha mambo mawili ambayo kwa mazoea tunayachanganya. Kumtegemea mtu si sawa na kumwamini. Inasemekana majirani wa Immanuel Kant walirekebisha saa zao kwa kumwona akipita kwenye matembezi yake. Walimtegemea, lakini siku ambayo asingepita wangesema tu wamekosa saa, wasingesema wamesalitiwa. Kusalitiwa kunawezekana pale tu ulipoacha kitu chako chini ya nia njema ya mwenzako. Baier akapendekeza kipimo. Kuaminiana kuzuri, kwa maana ya kimaadili, ni kule ambako kungebaki hai hata kama kila mmoja angejua mwenzake anategemea nini hasa ili mambo yaende.

Kitumie kipimo hicho uani. Kama ninategemea njaa ya fundi, kwamba mwezi huu hana kazi na atakubali chochote, je, naweza kumwambia hivyo usoni na tukaendelea kuaminiana? Kama yeye anategemea kwamba sijui tofauti kati ya moramu na kifusi cha takataka, je, anaweza kuniambia? Hapana na hapana. Huko hakukuwa na imani, kulikuwa na watu wawili wanaoviziana huku wakiitana "bosi" na "fundi wangu". Lakini kama ninategemea kwamba ana jina mtaani na anataka nimpeleke kwa shemeji yangu, naweza kulisema hilo kwa sauti, na atacheka na kukubali. Kama anategemea kwamba nitamlipa kila hatua ikiisha, naye anaweza kulisema. Hayo yanastahimili mwanga.

Kwa kipimo hichohicho tunaweza kujibu lile swali linalowatia wengi haya: nikikagua, si namvunjia heshima? Fundi akikuona umeshika futi na kijiti unapima kina cha moramu, anaweza kukuuliza, "Kwani huniamini?" Vijana wengi tuliolelewa kuheshimu wakubwa hunywea hapo, hasa fundi akiwa mtu mzima wa kuitwa baba. Nadhani jibu la haki ni hili: "Nakuamini, mzee, ndiyo maana nimekupa kazi. Ninataka na mimi niweze kushuhudia." Mwanafalsafa Onora O'Neill alionya kwamba lengo halipaswi kuwa kuamini zaidi. Lengo ni kuwaamini wanaostahili na kutowaamini wasiostahili, na kwa hilo tunahitaji namna ya kutofautisha. Anayeamini bila kutazama hamheshimu fundi mwema. Anamweka fungu moja na tapeli, kwa kuwa wote wawili amewapa kitu kilekile.

Kwa hiyo ukaguzi wa kabla ya kufunika ni haki ya fundi mwema kuliko hata ya mteja. Yeye ndiye aliyetumia hela kwenye kitu kisichoonekana. Usipokitazama, umemnyima ushahidi pekee unaomtofautisha na yule wa bei ya chini. Fundi anayeijua kazi yake huliona hili mapema. Kimbia yule anayeharakisha mchanga kabla hujafika.

Katika utaratibu, jambo hili si gumu. Malipo yafuate matabaka: kuchimba, moramu, kingo, kupanga, kumaliza. Kila tabaka litazamwe, lipigwe picha, lilipwe, ndipo lifunikwe. Kitofali kimoja kivunjwe mbele yenu wote, mtazame ndani kama kokoto zimeshikwa au zinapukutika kama mkate mkavu. Iandikwe karatasi, hata nusu ukurasa wa daftari: unene wa kila tabaka, unene wa kitofali, maji yaelekee wapi, hatua za malipo, na nani atarekebisha uwanja ukizama katika masika ya kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kazi kubwa kuna njia rasmi zaidi: Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyotokana na sheria ya mwaka 2011. Lakini viwanja vingi vya nyumba zetu hupangwa na mafundi tuliopewa namba na jirani, na huko karatasi ile ya daftari ndiyo bodi na ndiyo mahakama.

Utaratibu huu unamlinda fundi pia, na hilo tunalisahau upesi. Yeye naye anatukopesha imani. Analipa mashine kwa siku, anawalipa vijana jioni, anakula nauli. Akidai kianzio kikubwa tunamshuku. Lakini muulize fundi yeyote kuhusu wateja, utasikia kuhusu mama aliyesema "pita kesho" mpaka mwezi ukaisha, na kuhusu bosi ambaye siku ya mwisho, na siku ya mwisho tu, aliona kasoro kumi na mbili. Mteja anabana hela kwa kuwa ameshapigwa na fundi mwingine. Fundi anapunguza moramu kwa kuwa ameshadhulumiwa na mteja mwingine. Hawa wawili hawajawahi kukutana, ila kila mmoja analipishwa deni la mtu asiyemjua. Malipo kwa hatua hayawafanyi wawe watu wema. Yanapunguza tu ukubwa wa kile ambacho kila mmoja anaweza kumdhulumu mwenzake kwa siku moja, na katika nafasi hiyo ndogo imani hupata pa kuanzia.

Kisha kuna mtu wa tatu, asiyekuwepo kwenye karatasi. Uwanja wa mchanga hunywa mvua. Uwanja uliopangwa pevingi hunywa kidogo sana, maji mengi huteleza. Fundi mzuri huweka mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasisimame. Yanaenda wapi? Mara nyingi mteja na fundi wanaelewana vizuri kabisa, kwa uaminifu kamili, kwamba yatoke getini. Yanaingia njiani, yanachimba barabara ya vumbi ya mtaa mzima, yanamkuta mama anayekaa chini ya mteremko na nyumba yake ya vyumba viwili. Wawili wameaminiana, na wa tatu amezolewa. Nimeishi kwenye mitaa ya Dar es Salaam ambako kila uwanja mpya unaopendeza ulimaanisha dimbwi jipya kwa mtu mwingine. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba uaminifu wa fundi ni kutimiza tu alichotakiwa na anayelipa. Fundi anayesema, "Bosi, maji haya tusiyapeleke kwa jirani, tuchimbe shimo la kuyanywesha hapahapa, gharama itaongezeka kidogo," huyo ameonyesha uaminifu ambao mkataba haukumdai. Na jibu lako kwake litamwonyesha kama nawe ni mwaminifu.

Kiswahili kimeyaweka maneno haya katika ukoo mmoja: amini, imani, uaminifu, amana. Amana ni kitu cha mtu mwingine kilichoachwa mikononi mwako. Hata ukague vipi, itabaki sehemu ya kazi ambayo ni amana tu. Utarudi ofisini, utalala, utakuwa kwenye foleni wakati tabaka fulani linashindiliwa mara mbili badala ya nne. Pete ya Gyges haivuliwi yote kidoleni. Utaratibu hauwezi kuziba tundu hilo, na sidhani kama tungetaka lizibwe, maana hapo ndipo fundi anapopata nafasi ya kuwa mwema kwa hiari yake. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba hatukumwachia amana kubwa kuliko tuliyomlipia, na kwamba hatukutafuta wema wake kwa bei ya wizi.

Basi siku fundi atakapokupigia saa nne asubuhi akisema, "Bosi, moramu tumeshashindilia, pita uone kabla hatujamwaga mchanga," omba ruhusa kazini uende. Na uende na hela ya hatua hiyo.